Mfundisheni mama huko huko nyumbani

Mwandishi, katika makala yako kuhusu watoto wenye ulemavu umezungumza sana juu ya vituo na kidogo mno juu ya nyumba. Vituo vya Shirika la Umoja pale Goma na Heri Kwetu pale Bukavu, mashariki mwa Congo, vinafanya kazi kubwa. Ila kwa mama wa kijijini kama Muheto, safari ya Goma ni pesa asizo nazo na barabara mbovu, na vita vikichacha ni roho mkononi.

Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda hufungwa plasta mpya kila wiki, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma kila usiku hadi miaka 4 hivi. Nani atamvisha kama si watu wa nyumbani? Na mwenye mtindio wa ubongo, namna ya kumketisha na kumlisha bila kupaliwa, hiyo ni kazi ya kila siku ya wazazi, kaka na dada zake.

Sheria ya Congo ya kulinda watu wenye ulemavu ipo tangu Mei 2022. Basi ili ifike vijijini, wakunga na wahudumu wa afya wa huko wafundishwe kutambua dalili mapema na wazifuate familia nyumbani kwao. Akina baba nao waitwe. Msiwaachie akina mama mzigo huu peke yao.