Ziara ya shambani: watoto wakajifunze, wasiende kuvuna

Likizo ya Juni inapokaribia, ukitaja ziara ya wanafunzi hapa Mpanda watu hufikiria viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni ziara nzuri. Lakini lipo darasa lililo karibu zaidi na lisilo na kiingilio, nalo ni shamba la mkulima wa jirani.

Utasema mtoto wa Katavi shamba analijua. Kweli, jembe analijua. Ila kupalilia hakumfundishi mtoto kwa nini ugali mtupu haumtoshi, wala kwa nini mahindi yaliyovunwa vizuri yanaweza kumdhuru. Jirani zetu wa Rukwa wanalisha mikoa mingi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wao wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala kujaa ni jambo moja, na lishe ni jambo jingine.

Juni ni wakati wa mahindi na karanga kukaushwa, na hapo ndipo pa kuanzia somo. Nafaka isiyokauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoisha kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Watoto wanaweza kupima ukavu wenyewe: chupa ya kioo iliyo kavu, mahindi hadi theluthi yake, chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, kisha wafunike, watikise na kuiacha itulie dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi kwenye turubai. Jaribio hilo mtoto ataondoka nalo hadi nyumbani, na huenda bibi akalipenda kuliko yeye.

Kuna mashamba ambayo hatushauri kabisa. Tumbaku ni zao kubwa kwetu na hatulibezi jasho la wakulima wake, lakini nikotini ya jani bichi, hasa likiwa na umande, hupenya kwenye ngozi. Mtoto huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kutapika, na wazazi hudhani ni malaria. Asishikishwe majani, wala asipewe kazi kwenye bani. Na hata kwenye mahindi, ziara inayoishia kwa wanafunzi kubeba magunia ya mwenye shamba hiyo ni vibarua wa bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi zinazohatarisha afya ya mtoto, na kuiita kazi hiyo "elimu kwa vitendo" hakuibadilishi.

Mwalimu afike shambani siku chache kabla. Aulize ni lini dawa ilipulizwa na makopo yake yako wapi. Aangalie choo, na maji ya kunawa yanayotiririka pamoja na sabuni, kwa sababu kitakasa mikono hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye tope. Kila aliyegusa ng'ombe, mbuzi au kuku anawe kabla ya kula. Maziwa yachemshwe, hata kama mwenyeji ataona anadharauliwa. Maziwa mabichi huweza kuleta brusela na kifua kikuu. Kwenye majaruba ya mpunga, kama yale ya Mpimbwe, watoto wasiingie majini: kichocho huingia kupitia ngozi isiyo na jeraha lolote.

Viatu vya kufunika mguu ni lazima. Nyoka akimuuma mtoto, asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, asitembezwe, akimbizwe kituo cha afya. Kwa hiyo usafiri usiondoke baada ya kuwashusha watoto. Mwenye pumu aende na dawa yake, na mwalimu ajue iko mfuko gani.

Wazazi wanaoletewa barua ya ruhusa wiki hizi waulize maswali hayo kabla ya kutia sahihi, na waulize pia watoto watakula nini huko.