Mbegu ni ya Nani? Sera ya Miliki Ubunifu na Mkulima wa Njombe

Wakati wa mavuno ya viazi mviringo, mkulima wa Njombe hutenga viazi vidogo kando ya vile vinavyopelekwa sokoni Makambako. Hivyo ndivyo mbegu yake ya msimu ujao. Jirani aliyepungukiwa huja kuomba debe moja, naye hupewa, kwa kuwa mwakani huenda mtoaji akawa mwombaji. Desturi hiyo ndiyo inayotufanya tuutazame kwa makini mjadala wa sera ya taifa ya miliki ubunifu.

Miliki ubunifu ni haki ya mtu juu ya kazi ya akili yake: wimbo, alama ya biashara, chombo kipya, hata aina mpya ya mmea. Sheria tunazo. Tanzania Bara ina sheria ya alama za biashara ya mwaka 1986, ya hataza ya 1987, ya hakimiliki ya 1999, na ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea ya 2012. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaolinda aina mpya za mimea. Kinachohitajika ni dira moja ya kuonyesha sheria hizo zinamtumikia nani.

Kanisa halipingi haki ya mbunifu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba umiliki wa ujuzi hauna uzito pungufu kuliko umiliki wa ardhi. Mtafiti anayetumia miaka mingi kutafuta kiazi kinachostahimili magonjwa anastahili ujira wake. Mbegu inayorudiwa shambani mwaka hadi mwaka huchoka na kubeba mnyauko. Lakini Kanisa hilohilo hufundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu wote, na katika Laudato Si' Papa Fransisko alionya juu ya wakulima wadogo kulazimika kununua mbegu kwa wachache wenye nguvu.

Hapo ndipo penye kiini. Mkataba wa UPOV wa 1991 unaziruhusu nchi kumwachia mkulima arudishie shambani mwake, kwa mipaka, mbegu ya aina iliyolindwa. Haumpi ruhusa ya kuiuza. Aina za asili hazimo katika kifungo hicho. Je, nani amemweleza mkulima tofauti hiyo?

Kwa maoni yetu, sera ya haki itamlipa mgunduzi, itaandika waziwazi haki ya mkulima ya kuhifadhi na kugawana mbegu, na kuzitambua aina za asili kuwa urithi wa jamii zilizozitunza, asije mtu akazidai kuwa zake.

Sera hutungwa kwa kusikiliza wadau. Basi jumuiya ndogondogo za Kikristo na zilijadili jambo hili, na maoni yafike kwa madiwani na wabunge wetu. Debe lile la jirani lisije likageuka kosa kwa sababu sisi tulinyamaza.