Msaada Haununui Midomo Yetu

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambi ya Dzaleka. Mwezi Mei polisi wakaanza msako Lilongwe. Mwenye duka wa mtaa wa Mchesi alihitaji mtetezi siku ile. Nauliza: chama gani chetu sisi wakimbizi kingethubutu? Kibali kinatoka serikalini, ofisi iko ndani ya kambi, na fedha hutoka kwa mfadhili asiyependa kugombana na wakubwa. Ukisema kweli, unafungiwa. Ukinyamaza, unaalikwa semina!

Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya Malawi, iliyorekebishwa mwaka 2022, imeunda mamlaka yenye meno. Hesabu zikaguliwe, sawa. Mla fedha za yatima hana utetezi. Lakini anayekagua vitabu asijipe na kazi ya kuchagua tuseme nini. Majirani wameshatuonyesha mwisho wake. Tanzania iliifuta BAWATA, baraza la wanawake, mwaka 1997; Mahakama Kuu ikaja kuitetea mwaka 2009. Haki ya miaka 12 humkuta mdai kaburini. Uganda, Agosti 2021, ilisimamisha mashirika 54 kwa mkupuo.

Wafadhili nao wasijifiche nyuma ya serikali. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa misaada ya kibinadamu kule Istanbul, waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ingefika kwa mashirika ya wenyeji. Mwaka ukafika, ukapita, ahadi ikabaki karatasini. Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, leo ina zaidi ya 50,000 na mgao wa chakula uliopunguzwa. Lakini vipaumbele vya wakazi wake huandikwa na watu wasiowahi kulala kambini hata usiku mmoja.

Na sisi je? Kuna viongozi wanaogeuza chama kuwa mali ya ukoo: mume mwenyekiti, mke mhazini, shemeji mkaguzi. Hao ndio wanaomrahisishia mkubwa kazi ya kutufunga.

Mama zetu wa likelemba, vikundi vya kuchangiana kwa zamu, hawamwombi mtu ruhusa ya kusaidiana, kwa sababu mfuko ni wao na kila mmoja anajua kilichomo. Tuanzie hapo. Kila chama kiwe na ada za wanachama, hata kama ni ndogo, na hesabu zisomwe hadharani. Mfadhili agharimie ofisi bila sharti la kunyamaza. Na serikali isifute chama kabla ya hakimu kusikiliza pande zote mbili. Dzaleka ilikuwa jela ya wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Hatukukimbia vita ili tuje kufungwa midomo palepale.