HAKI YA KITI



Kule Embakasi, katika uwanja wa Jomo Kenyatta, abiria mwenye kadi ya dhahabu ya Flying Blue, akisafiri ng'ambo kwa ndege za SkyTeam, huingia chumba cha kupumzikia pamoja na mgeni mmoja. Haki yake imeandikwa, naye hupewa bila kuomba. Hatumwonei kijicho.

Lakini sisi tutokao Kayole na Umoja alfajiri kwenda kufagia na kubeba mizigo, yetu pia imeandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke maji ya kunywa, mahali pa kunawa na viti. Mbona tuombe kama sadaka?

Kazini kwako hakuna kiti? Mwambie mjumbe wa chama leo. Kadi yetu ni ya chama.