Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Gari linalokosekana Mlima Kenya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

KUH: USAFIRI WA WANANCHI HADI MAZIWA YA MLIMA KENYA

Mheshimiwa,

Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alimpeleka Kate Middleton kwenye Ziwa Rutundu, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya. Huko, penye nyumba ndogo za magogo, akamchumbia kwa pete ya marehemu mama yake, Diana, ambayo alikuwa ameibeba kwenye mkoba wa mgongoni kwa takribani wiki tatu. Uchumba ukatangazwa tarehe 16 Novemba, harusi ikafungwa tarehe 29 Aprili 2011. Kenya ikapata tangazo la utalii ambalo haikulilipia hata senti.

Sasa waangaliwe wapendanao wengine. Tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi na mkewe fundi cherehani, wenyeji wa Shianda, Mumias Mashariki. Wana gari dogo la Probox lililokwisha lipiwa, akiba kidogo, na siku chache za likizo fupi. Wanataka kulala usiku mmoja kando ya ziwa la mlimani, wawili tu, watoto wabaki kwa nyanya yao.

Jirani atawauliza kwa nini wasiende Elgon, mlima unaoonekana kutoka kwao mbingu zikitakata. Elgon ni mzuri, na Pango la Kitum, ambamo ndovu huingia kukwangua chumvi ukutani, halina mfano. Ila upande wa Kenya sifa yake ni mapango. Ziwa wanalolitaka liko mashariki.

Kufika karibu nalo si kazi. Kakamega, Kapsabet, Eldoret, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki: lami, na mahindi ya kuchoma njiani. Nanyuki wanalala, asubuhi wako Timau. Hapo ndipo safari ya Probox inapoishia. Kuacha lami ya barabara ya Meru na kupanda hadi Rutundu ni shughuli ya gari la foo-bai-foo (4x4), na dereva awe anaijua njia. Ziwa Ellis, upande wa Chogoria, halina tofauti: ukishapita lango, gari dogo halina lake. Watu wa Shianda hawahitaji kufundishwa matope, wamekulia wakitazama matrekta ya miwa yakizama hadi ekseli. Wanajua gari lao haliwezi.

Basi wakodishe? Kukodi foo-bai-foo na dereva Nanyuki kwa siku mbili kunaweza kuipita gharama nyingine yote ya safari, mafuta na malazi yakiwemo. Wenye kampuni za watalii hawana lawama. Bei zao zimepangwa kwa mgeni anayelipa kwa dola, wala hawakuahidi kumhudumia mwalimu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kikwazo si ada ya kuingia. Raia tayari hulipa kidogo kuliko mgeni, na malipo ya mtandaoni ya eCitizen yanafanyika hata ukiwa kitandani. Kikwazo ni kipande cha njia kati ya lami na maji, na hakuna punguzo la ada linaloweza kumvusha mtu hapo.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Kutoka Shianda, mpaka wa Busia uko karibu sana. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Mwalimu na mkewe wakipita Kampala na Mbarara hadi Kabale, wanalikuta Ziwa Bunyonyi, karibu mita 2,000 juu, limezungukwa na vilima vilivyolimwa matuta. Kutoka mjini hadi ziwani hata bodaboda hufika, na mitumbwi inangoja ya kuwavusha visiwani. Ni mbali kuliko Timau, lakini Probox inafika. Hivyo fedha za Shianda zinakwenda kulala Kabale.

Dawa ipo, tena haikutoka ng'ambo. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lenyewe limewahi kuendesha basi la kuwatembeza wananchi wasio na magari ndani ya Mbuga ya Nairobi. Wazo hilohilo lipandishwe mlimani: gari moja imara la shirika, la kuanzia lango la Chogoria hadi Ziwa Ellis, likipanda Jumamosi asubuhi na kushuka Jumapili mchana. Nauli iwe kwa kila kiti, kwa shilingi, na ilipwe palepale inapolipwa ada ya mbuga. Pawe na uwanja uliolindwa wa kuegesha magari madogo. Hali ya njia itangazwe kwa Kiswahili kabla mtu hajatoka nyumbani, maana mvua ya mlima haiulizi umetoka Kakamega au Chuka.

Januari na Februari ni miezi ya ukavu mlimani. Wizara yako na KWS wanaombwa walijaribu gari hilo kwa miezi hiyo miwili tu, kisha wahesabu viti vilivyojaa.

Wako,
Msafiri wa Shianda, Kaunti ya Kakamega