Lango la Chuo Likifungwa, Haki ya Mwanafunzi Isifungwe



Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya taifa kutangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona, Serikali ilifunga shule zote kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Kesho yake agizo hilo likavifikia vyuo vikuu na vyuo vingine vya elimu ya juu. Vijana wetu walikunja magodoro, wakafunga masanduku na kushika njia ya nyumbani. Hawakuitwa tena hadi tarehe 1 Juni. Kati ya kuondoka na kurudi zilipita siku 75.

Hatuandiki haya ili kulaumu uamuzi wa kufunga. Kulinda uhai ni wajibu wa kwanza wa kila serikali, na mwezi ule hakuna aliyejua ugonjwa ungefika wapi. Sehemu kubwa ya dunia ilifunga. Shirika la UNESCO lilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa Aprili mwaka ule. Tunachouliza ni neno moja tu. Mwanafunzi aliyeamriwa kwenda nyumbani, je, aliendelea kuwa mwanafunzi mwenye haki zake, au aliziacha haki hizo getini pamoja na ufunguo wa chumba?

Tuutazame mfano wa mwanafunzi wa kwetu Myamba. Akitoka Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma hupanda basi hadi Same. Hapo hutafuta gari jingine linalopita Kisiwani na tambarare ya Gonja, kisha aanze kupanda mlima. Machi ni mwanzo wa masika, na barabara zetu za udongo hazina huruma na gari wakati wa mvua. Nauli ya safari hiyo haikuwa katika hesabu zake, kwa kuwa muhula ulikuwa unaendelea. Wengi walikopa kwa wenzao, na wengine waliwapigia simu wazazi ambao nao walikwenda kukopa kwa jirani.

Mwaka ule mkopo wa chakula na malazi ulikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Ndiyo fedha ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu. Hutolewa kwa mafungu, na mwanafunzi husaini kuipokea akiwa chuoni. Utaratibu huu ni mzuri siku za amani, kwa sababu huzuia fedha za umma kulipwa kwa mtu asiyekuwapo. Lakini siku za maafa humhesabu mwanafunzi kwa mahali aliposimama, wala si kwa mahitaji yake. Tumbo la mwanafunzi halikufungwa tarehe 18 Machi. Alichokula Myamba kilitoka katika chungu cha mama yake, ambaye hakuwa amepangiwa mkopo wowote.

Yupo atakayesema kwamba nyumbani chakula hakinunuliwi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kaya zetu zinaishi kwa tangawizi, kahawa, ndizi na maharage. Tangazo la kufungua vyuo lilitolewa tarehe 21 Mei, na kuripoti kukawa Jumatatu tarehe 1 Juni. Zilikuwa siku 11 za kutafuta nauli ya kurudi, fedha za chakula cha siku za kwanza na barakoa. Tangawizi hukaa ardhini miezi minane au zaidi ndipo ikomae vema. Ni kweli kwamba mwaka ule watu wa mijini waliitafuta sana kwa chai na kwa kujifukiza, lakini mkulima anayelazimika kung'oa kabla ya wakati hupata uzito mdogo, tena huuza kwa bei ya mnunuzi.

La pili ni makazi. Mabweni ya vyuo vyetu hayawatoshi wanafunzi wote. Ni kweli kwamba juhudi zimefanyika: hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizozinduliwa Aprili 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Hata hivyo wengi bado wanapanga vyumba mitaani, na mwenye nyumba wa mjini hutaka kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa mkupuo. Mwanafunzi aliyelipa Februari alikilipia chumba ambacho kwa siku 75 kililaza ndoo na godoro lake tu. Wapo wenye nyumba waliosogeza mbele muda wa kodi kwa utu wao, na tunawapongeza. Lakini haki isiyo na msingi mwingine ila huruma ya mtu mmoja mmoja haijawa haki bado. Ni bahati.

La tatu ni masomo yenyewe. Wanafunzi wa shule za msingi na sekondari waliandaliwa vipindi vya redio na televisheni. Katika vyuo vikuu vya umma masomo yalisimama kwa sehemu kubwa, na vyuo vilipofunguliwa ratiba zikabanwa ili kufidia muda uliopotea. Wengi wanasema dawa ilikuwa kufundisha kwa mtandao. Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia hiyo katika vyuo vikuu vingi, na mara kilio cha wanafunzi wa vijijini kikasikika. Kifaa, umeme na mawimbi ya simu havikugawanywa kwa usawa. Hapa mlimani simu hushika mawimbi ukingoni na kuyapoteza bondeni. Mafungu ya mkopo yanataja ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Kifurushi cha intaneti hakina fungu lake. Na hata Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kilio cha wananchi kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Serikali ilizisitisha. Hivyo kumwambia mtoto wa mkulima asome kwa mtandao, bila kumwambia nani atalipia mtandao huo, ni kumpa kata pasipo na mtungi.

Tusimsahau binti. Kijana wa kiume anayerudi nyumbani huitwa shambani. Binti huitwa shambani na jikoni, tena hutumwa maji na kulea wadogo zake. Daftari lake hufunguliwa usiku, mwili ukiwa umechoka na mafuta ya taa yakihesabiwa. Masomo ya nyumbani yasiyompa saa yake humrudisha nyuma hata kama chuo kimemtumia kila somo.

Tuseme pia yaliyotendwa vema, maana haki hudai ukweli pande zote. Tarehe 1 Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaelemea wadaiwa. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kujikimu imepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hizi ni hatua za kweli. Lakini zote ni za siku za kawaida. Fedha iliyoongezwa bado yaweza kumkosa mwanafunzi siku lango litakapofungwa tena, iwe kwa maradhi, kwa mafuriko au kwa mgogoro.

Wala mtu asidhani kwamba tunaomba sadaka. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ili ikopeshe, nayo hudai. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Anayelipa deni kwa jasho lake ana haki ya kuuliza mkopo ule ulimsaidia lini na ulimwacha lini.

Wazee wetu wa Upare walilielewa jambo hili katika maji. Walijenga ndiva, mabwawa ya mawe na udongo yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kila shamba lipate zamu yake. Ndiva haijengwi siku ya ukame. Na mgawo wake haupangwi shamba likiwa limekwisha kukauka. Hujulikana mapema, na aliye mbali na bwawa hupata zamu kama aliye karibu. Elimu yetu ya juu inahitaji ndiva ya namna hiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wenye mamlaka. Kwanza, mwongozo wa mikopo useme wazi kwamba chuo kinapofungwa kwa amri ya Serikali, fedha ya kujikimu ya siku zilizopangwa humfuata mwanafunzi alipo, kwa benki au kwa simu, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Pili, vyuo viwe na mkataba wa mfano kati ya mwanafunzi na mwenye nyumba, wenye kifungu kinachogawana hasara ya siku za kufungwa badala ya kumtwisha mmoja. Tatu, kila somo litakalofundishwa kwa mtandao liwe na njia ya pili: maandishi yaliyochapwa, yanayoweza kusafirishwa kwa basi hadi Same na kupanda mlima. Chuo Kikuu Huria kimewafundisha watu walio mbali tangu mwaka 1994, kabla simu za mkononi hazijaenea nchini. Ujuzi upo hapa hapa nyumbani.

Na sisi wa Myamba tusikae tukingoja barua kutoka Dodoma. Tunao msaragambo, kazi ya pamoja iliyofungua barabara na kujenga madarasa yetu. Msaragambo huo waweza kutupatia chumba kimoja cha kusomea kwenye kata, chenye meza, umeme wa jua na mahali pa kuchajia simu. Kumbi zetu za ibada, za madhehebu yote, hukaa tupu siku nyingi za juma. Na wazazi tuwape mabinti zetu saa mbili za mchana zisizo na ndoo wala jembe.

Korona iliwakuta vijana wetu bila ndiva, wakayapita yale kwa deni la nauli na kwa chungu cha mama. Hatujui lango litafungwa tena lini, wala kwa sababu gani. Tunajua kwamba siku hiyo mtoto wa Myamba ataondoka chuoni na sanduku lake kama mtoto wa mtu mwingine yeyote. Iandikwe leo, kabla ya siku hiyo, kwamba haki yake itaondoka pamoja naye.