Moshi wa Malaba upimwe, usihadithiwe tu

Neno 'boda boda' lilizaliwa mpakani Busia, enzi za vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Siku hizi wenzao wa pikipiki wanangoja wateja kando ya foleni ya trela, injini zikinguruma, moshi wakiumeza asubuhi hadi usiku. Waulize, watakwambia kifua kinabana. Uliza kinabana kwa nini hasa, na hapo ubishi unaanza: huyu anasema vumbi, yule baridi, mwingine dizeli.

Ubishi huo unaweza kuamuliwa na maabara. Pampu ndogo huvuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24, kisha kilichonaswa kinapimwa. Kila chanzo kina alama zake. Masizi meusi mengi huelekeza kidole kwa dizeli. Potasiamu huja na moshi wa kuni au miwa inayochomwa shambani, zinki na tairi zinazolika, shaba na breki, nazo silikoni na aluminiamu ni udongo wa barabara. Sampuli moja haisemi mengi. Lakini ukiwa na mia mbili, kompyuta itakuonyesha ni kemikali zipi hupanda na kushuka pamoja, nawe utaweza kukadiria mzigo wa trela ni kiasi gani na wa jikoni ni kiasi gani.

Na si jambo la kuchezea. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka chembe ndogo kabisa hewani zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Malaba ni ngapi? Nani atakujibu kwa nambari?

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua uzito wa nambari. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi, na walipoenda kortini hawakubeba kilio tu, walikuwa na vipimo vya damu. Mwaka 2020 walipewa Sh1.3 bilioni, na baada ya kuzungushwa, Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo Desemba 2024. Shida ni kwamba damu ilipimwa sumu ikiwa tayari imeingia kwa watoto.

Busia haina haja ya kungoja hivyo. Chuo Kikuu cha Alupe kiko hapo hapo kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, na KEMRI ina kituo Alupe. Kaunti inatoza trela ada ya maegesho. Sehemu ya hela hizo inunue vichujio na iwalipe wanafunzi wa kemia kazi ya kupima. Uganda nayo ihusishwe, maana upepo hauonyeshi pasipoti. Matokeo yabandikwe wazi kila wiki, kwani Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kujua.

Kuanza si kugumu: kichujio kimoja penye foleni, kingine kijijini mbali na barabara, na hesabu ya wagonjwa wa kifua zahanatini wiki kwa wiki. Mwaka mmoja tu, masika na kiangazi, na yule wa boda boda atakuwa na karatasi ya kumwekea gavana mezani.